Saratani Haihesabiwi kwa Mdomo Peke Yake



Watafiti wa afya wakifika kijijini huenda nyumba kwa nyumba. Huuliza umri wako, chakula unachokula, maji unayokunywa, na kama unavuta sigara au unakunywa pombe. Kisha huuliza swali moja zito: "Je, daktari aliwahi kukuambia kwamba una saratani?" Mtu hujibu ndiyo au hapana. Mtafiti huandika, huaga, na kwenda nyumba ya pili.

Swali ni fupi na jibu ni fupi. Lakini jibu hilo halifi siku ile. Huingia katika vitabu vya utafiti na hukaa humo miaka ishirini au thelathini. Kutokana na majibu kama hayo wataalamu husema ni kitu gani kinaleta saratani, nani yuko hatarini, na dawa na mashine zipelekwe wapi.

Saratani ndiyo ugonjwa ambao wengi wetu huuita kansa. Je, hesabu ya ugonjwa mzito kama huu inaweza kutegemea mdomo peke yake?

Maoni yangu ni kwamba haiwezi. Neno la mgonjwa lina thamani kubwa, na mtafiti anayelidharau anakosea. Lakini neno hilo linahitaji mwenzake, yaani karatasi ya hospitali. Watafiti wana wajibu wa kuitafuta karatasi hiyo. Hospitali zina wajibu wa kuitoa. Na sisi wanakijiji tuna wajibu wa kuidai, kuisoma na kuitunza.

UTAFITI WA MUDA MREFU NI NINI?

Saratani haiji kwa siku moja. Mtu anaweza kuvuta sigara leo, na saratani ya mapafu ikatokea baada ya miaka thelathini. Kwa hiyo watafiti huchagua watu wengi ambao bado ni wazima. Huandika mwenendo wao wa maisha. Kisha huwafuata mwaka hadi mwaka, na kuangalia nani anaugua na nani anabaki mzima.

Kazi hii ni kama ya mkulima mwenye mashamba mawili. Shamba moja ametia mbolea na jingine hakutia. Wakati wa mavuno anataka kujua kama mbolea imesaidia. Lakini wavunaji wakichanganya magunia ya mashamba hayo mawili, mkulima hatajua kitu. Mbolea ilifanya kazi, lakini ushahidi umepotea ghalani.

Katika utafiti wa saratani, magunia ni majibu ya watu. Mzima akiandikwa mgonjwa, na mgonjwa akiandikwa mzima, magunia yamechanganyika. Hata kama sigara inaua, hesabu inaweza kuonyesha kana kwamba haina neno.

Mwaka 1951 wataalamu wawili wa Uingereza, Richard Doll na Austin Bradford Hill, waliwaandikia barua madaktari wa nchi yao. Waliwauliza kama wanavuta sigara. Madaktari zaidi ya 40,000 walijibu. Watafiti wakawafuata kwa miaka 50, mpaka mwaka 2001. Utafiti huo ulisaidia sana kuthibitisha kwamba sigara huleta saratani ya mapafu. Ulionyesha pia kwamba mtu anayevuta sigara maisha yake yote hupoteza, kwa wastani, miaka 10 hivi ya maisha.

Wataalamu hao hawakuridhika na maneno matupu. Cheti cha kifo kilipotaja saratani ya mapafu, walimwandikia daktari aliyekitia sahihi. Walimwuliza alijuaje kwamba ni saratani ya mapafu. Kumbuka kwamba waliokuwa wakiulizwa ni madaktari. Kama neno la daktari lilihakikishwa, neno letu sisi halina sababu ya kuona haya likihakikishwa.

WAUGUZI WA MAREKANI

Mwaka 1976 utafiti mwingine mkubwa ulianza Marekani. Kwanza watafiti walitaka kujua kama vidonge vya kupanga uzazi vina madhara ya miaka mingi. Waliandikisha wauguzi wanawake 121,700, wenye umri wa miaka 30 mpaka 55. Kila baada ya miaka miwili waliwapelekea karatasi ya maswali kwa posta.

Kwa nini walichagua wauguzi? Kwa sababu muuguzi anayajua majina ya magonjwa. Anajua tofauti ya saratani na uvimbe wa kawaida. Anaweza kujibu swali la afya kwa barua bila kuelezwa.

Hata hivyo, muuguzi alipoandika kwamba amepata saratani, watafiti hawakuishia hapo. Walimwomba ruhusa ya kuona karatasi zake za hospitali. Daktari wa utafiti alizisoma. Alipokuwa akizisoma hakuambiwa kama mwanamke huyo anavuta sigara au anameza vidonge. Hiyo ilikuwa ni kumzuia asipendelee upande wowote.

Mwaka 1986 watafiti hao walitoa taarifa ya kupima ukweli wa majibu ya wauguzi. Kwa saratani ya matiti, ya ngozi, ya utumbo mpana na ya tezi ya shingo, zaidi ya wauguzi 90 katika kila 100 walikuwa wamesema sawasawa. Maabara ilikubaliana nao. Lakini kwa saratani ya mapafu, ya mfuko wa uzazi na ya kokwa za mayai ya uzazi, makubaliano yalikuwa madogo zaidi.

Hapa tunapata mafunzo mawili. Funzo la kwanza ni kwamba mdomo wa mgonjwa si wa kudharauliwa. Wauguzi wengi walisema kweli. Kwa sababu majibu yalikuwa safi, utafiti huo uliweza kuonyesha mwaka 1987 kwamba wanawake wanaokunywa pombe hupata saratani ya matiti zaidi kuliko wasiokunywa.

Funzo la pili ni kwamba hata wauguzi, watu wa kazi hiyo hiyo, walikosea katika baadhi ya saratani. Basi mtu yeyote asichukue hesabu ya wauguzi wa Marekani na kusema kwamba nasi tutajibu vivyo hivyo. Wao walisomea ugonjwa. Wengi wetu tumeambiwa habari za ugonjwa wetu kwa haraka, tukiwa tumesimama mlangoni, kwa maneno tusiyoyajua.

KWA NINI MTU MKWELI HUKOSEA?

Mtu anaweza kuwa mkweli kabisa na bado akatoa jibu lisilo sahihi. Ziko sababu nyingi. Nitataja zilizo kubwa.

Sababu ya kwanza ni jina. Si kila uvimbe ni saratani. Wanawake wengi hupata uvimbe wa kawaida katika mfuko wa uzazi. Uvimbe huo unaweza kutoa damu nyingi na kuleta maumivu, lakini si saratani. Mama aliyepasuliwa na kutolewa uvimbe huo anaweza kuamini maisha yake yote kwamba alipona saratani.

Sababu ya pili ni dalili za awali. Siku hizi wanawake hupimwa mlango wa kizazi kwa kupakwa siki. Sehemu yenye kasoro hugeuka nyeupe. Muuguzi huitibu kwa baridi kali au kwa joto ili isije ikawa saratani. Mama huyo hakuwa na saratani, bali alizuiwa asiipate. Lakini akirudi nyumbani husema, "Nimetibiwa kansa ya kizazi." Mtafiti akija, anaandika saratani. Kosa hili huonekana katika nchi nyingi, hata zile zenye hospitali kila mji.

Sababu ya tatu ni mahali. Saratani huhama. Inaweza kuanza katika titi, ikaenda kwenye mifupa au ini au mapafu. Mgonjwa anayeumwa mgongo husema ana saratani ya mifupa, kumbe ilianzia titini. Kwa mtafiti, mahali ilipoanzia ndipo penye maana, kwa sababu kila mahali pana chanzo chake.

Viungo jirani pia huchanganywa. Mwaka 1998 watafiti wa Chama cha Saratani cha Marekani walitoa taarifa. Walikuwa wamelinganisha majibu ya watu na madaftari ya saratani ya serikali za majimbo. Watu walijibu vizuri kuhusu saratani ya matiti na ya tezi dume. Lakini wenye saratani ya sehemu ya mwisho ya utumbo, karibu na njia ya haja kubwa, mara nyingi hawakuitaja kwa usahihi. Saratani kali ya ngozi inayotokana na madoa meusi nayo haikutajwa vizuri.

Sababu ya nne ni wakati. Ukiulizwa ulianza kuugua mwaka gani, unaweza kukumbuka kwamba ilikuwa mwaka wa njaa, au mwaka aliozaliwa mjukuu wako. Lakini utafiti unataka kujua kipi kilitangulia. Je, uliacha kula nyama kabla ya kuugua, au uliacha kwa sababu ulikuwa umeanza kuugua? Tarehe ikipotea, chanzo na matokeo hubadilishana nafasi.

Sababu ya tano ndiyo inayonisikitisha kuliko zote. Mgonjwa hakuambiwa. Daktari alimwambia kaka yake au mume wake. Ndugu wakakubaliana kumficha ili asife kwa hofu. Anapoulizwa na mtafiti, anajibu, "Hapana, nina vidonda vya tumbo." Amesema kweli kwa kadiri anavyojua. Uongo ulikuwa wa watu wengine.

HESABU NDOGO YA DARASANI

Baadhi ya watu husema, "Wakikosea wachache hakuna neno. Wengi watasema kweli." Tuchukue chaki tuhesabu. Huu ni mfano tu, si hesabu ya kijiji fulani.

Tuseme kuna wanawake 1,000. Kati yao, 10 wana saratani na 990 hawana.

Katika wale 10 wenye saratani, 9 wanasema ndiyo. Mmoja anaficha.

Katika wale 990 wasio na saratani, 970 wanasema hapana. Lakini 20 wanasema ndiyo, kwa sababu walikuwa na uvimbe wa kawaida au dalili za awali.

Sasa jumlisha. Waliosema ndiyo ni 9 na 20, jumla 29. Wenye saratani ya kweli kati yao ni 9 tu. Mtafiti anayetegemea mdomo ataandika wagonjwa 29, na ukweli ni 10. Amekaribia kuwazidisha mara tatu.

Tazama tena. Wanawake waliojibu sawasawa ni 9 na 970, yaani 979 katika 1,000. Karibu wote walijibu sawasawa! Hata hivyo hesabu ya ugonjwa imeharibika. Sababu ni kwamba wagonjwa ni wachache na wazima ni wengi. Kosa dogo katika kundi kubwa humeza ukweli wa kundi dogo. Ni kama kutafuta punje kumi za mtama katika gunia la mchanga. Mchanga kidogo tu ukiingia kiganjani, unauzidi mtama.

Hii ndiyo sababu nasema kwamba idadi ya watu wakweli haitoshi. Kila anayesema ndiyo lazima jibu lake lihakikishwe.

WATOTO WA WEST NILE

Mfano mmoja mzuri uko karibu nasi, nchini Uganda. Mwaka 1957 daktari Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, aliona mtoto mwenye uvimbe mkubwa wa taya. Baadaye aliona watoto wengine wenye uvimbe kama huo. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari katika nchi nyingi za mashariki na kusini mwa Afrika. Walipita hospitali kwa hospitali wakiuliza uvimbe huo unaonekana wapi. Saratani hiyo ya watoto sasa hujulikana kwa jina lake.

Kisha wataalamu walitaka kujua kama virusi vinavyoitwa Epstein-Barr vinahusika. Kati ya mwaka 1972 na 1974 walichukua damu ya watoto wapatao 42,000 katika wilaya ya West Nile, kaskazini-magharibi ya Uganda. Waliihifadhi damu hiyo, wakasubiri. Katika miaka iliyofuata waliwatafuta watoto waliopata saratani hiyo. Walikuwa chini ya 20.

Fikiri, ndugu msomaji. Watoto 42,000, na wagonjwa hawafiki 20. Je, ingekuwaje kama watafiti wangepita wakiwauliza wazazi tu, "Mtoto wako alivimba taya?" Watoto wangapi huvimba taya kwa jino bovu? Wangapi huvimba kwa matubwitubwi? Wangepata mamia ya majibu ya ndiyo. Wale watoto wachache wenye saratani wangezama humo, na damu yote iliyohifadhiwa isingesema kitu.

Ndiyo maana katika kazi kama hiyo daktari humwona mtoto mwenyewe. Hukata kinyama kidogo cha uvimbe, na kinyama hicho hutazamwa kwa hadubini. Kwa njia hiyo watafiti wa West Nile waliweza kuona kwamba watoto waliougua walikuwa na dalili nyingi za virusi hivyo katika damu yao, tangu kabla ya kuugua.

Kazi hiyo ilifanyika Afrika, vijijini, zaidi ya miaka arobaini iliyopita. Basi mtu asituambie kwamba kuhakikisha ni jambo la Ulaya na Marekani tu.

MFICHA MARADHI

Kosa la kusema ndiyo mahali pa hapana ni baya. Kosa la kunyamaza nalo ni baya vilevile. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua.

Wengine huficha kwa aibu, hasa kama saratani iko sehemu za siri. Wengine huogopa kwamba majirani watasema amerogwa, au kwamba ugonjwa unaambukiza kwa kula sahani moja. Saratani haiambukizwi kwa kula pamoja wala kwa kulala nyumba moja.

Na wengine hawajibu kwa sababu wamekwisha kufa. Hili ni jambo watu husahau. Saratani inayoua upesi humwondoa mtu kabla mtafiti hajarudi. Wanaobaki kujibu ni wale wenye saratani za polepole. Mtafiti akihesabu walio hai tu, ataona saratani nyepesi nyingi na nzito chache. Hesabu yake itawasahau wale walioumia kuliko wote.

Kwa ajili hiyo, katika utafiti wa wauguzi wa Marekani watafiti waliwauliza ndugu, na wakatafuta katika daftari la vifo la taifa. Kwetu Tanzania, katika miaka ya 1990, watafiti walizungumza na wafiwa katika sehemu kama Dar es Salaam, Hai na Morogoro Vijijini. Waliuliza dalili alizokuwa nazo marehemu. Hiyo ni njia nzuri mahali ambapo watu hufia nyumbani. Lakini saratani iliyo ndani ya tumbo ni vigumu kuitambua kwa dalili peke yake. Karatasi ya hospitali, kama ipo, husaidia zaidi.

WENZETU WENYE DAFTARI

Nchi ya Denmaki ina daftari la saratani la taifa zima tangu mwaka 1943. Tangu mwaka 1968 kila mkazi wa nchi hiyo ana namba yake. Mtafiti wa Denmaki hana haja ya kumwuliza mzee wa miaka themanini kama aliwahi kuwa na saratani. Akipata ruhusa, hutafuta namba yake katika daftari.

Kampala ina daftari lake tangu mwaka 1954, lililoanzishwa Makerere. Katika miaka ya 1970 na 1980 kazi yake ilidhoofu kwa sababu ya machafuko, kisha ikafufuliwa. Ilipofufuliwa, daftari hilo lilionyesha jambo kubwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 saratani iitwayo Kaposi, ambayo hufuatana na UKIMWI, ilikuwa imeshika nafasi ya kwanza kwa wanaume. Katika miaka ile watu wengi waliona haya hata kuutaja ugonjwa huo. Kwa mdomo peke yake hesabu hiyo isingepatikana.

Hapa kwetu, hospitali ya KCMC mjini Moshi ilianza daftari la saratani mwaka 1998. Hiyo ni kazi ya kuungwa mkono. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na afya ni mali.

WANAOPINGA

Wako watakaopinga maoni haya, na hoja yao moja ni ya haki. Watasema, "Watu wa vijijini hawana karatasi. Ukidai karatasi, utawaacha maskini nje ya hesabu. Saratani itaonekana ni ugonjwa wa watu wa mjini."

Ni kweli kwamba mtu ambaye hakufika hospitali hana karatasi, na daftari la hospitali halimjui. Lakini dawa ya jambo hilo si kuchanganya magunia. Dawa ni kutumia safu mbili katika kitabu. Safu ya kwanza iandikwe "amesema". Safu ya pili iandikwe "imethibitishwa". Mtu asiye na karatasi abaki katika safu ya kwanza. Asifutwe. Msomaji wa utafiti ataona wazi kipi ni neno na kipi ni uthibitisho.

Wengine watasema kuhakikisha ni ghali. Ni kweli, ni ghali. Basi kama fedha haitoshi kwa watu wote, wachaguliwe wachache kwa kura, kwa mfano watu 100 waliosema ndiyo na watu 100 waliosema hapana. Wafuatiliwe hao mpaka hospitali. Hapo itajulikana mdomo umekosea kiasi gani, na hesabu ya wote itasahihishwa.

Hesabu ya uongo ni ghali zaidi. Mashine za mionzi za kutibu saratani hununuliwa kwa fedha nyingi. Wagonjwa wengi wa vijijini husafiri mbali mpaka Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Serikali ikitaka kusogeza huduma karibu, itauliza wagonjwa wako wapi na ni wa saratani ipi. Tukiwa tumehesabu vibaya, mashine itakwenda pasipo na mgonjwa, na mgonjwa ataachwa pasipo na mashine.

TUFANYE NINI?

Watafiti wasituulize kwa neno "saratani" tu na kuondoka. Watuulize pia: Ulipimwa wapi? Ulikatwa kinyama? Uliambiwa nini, kwa maneno yapi? Ulitibiwa vipi? Waombe ruhusa yetu ya kuona faili la hospitali. Na siri yetu waitunze. Mtu ana haki ya kukubali, na ana haki ya kukataa.

Madaktari na wauguzi wamwambie mgonjwa ugonjwa wake kwa Kiswahili anachokielewa. Ndugu wakiomba mgonjwa mtu mzima afichwe, waelezwe kwa upole kwamba ugonjwa ni wake na mwili ni wake. Na mgonjwa asiondoke bila kuandikiwa.

Na sisi wanakijiji je? Tukitoka hospitali tuhakikishe karatasi yetu ina mambo matano: jina la ugonjwa, mahali ulipoanzia mwilini, tarehe ulipogunduliwa, jina la hospitali, na njia iliyotumika kuutambua, kama ni kwa macho, kwa picha, au kwa kinyama kilichopimwa maabara. Kama jambo moja halipo, tuulize. Kuuliza si ujinga.

Karatasi hiyo tuiweke mahali pakavu, mbali na mvua, panya na mchwa. Tumwonyeshe mtu mmoja wa nyumbani mahali ilipo. Daktari mwingine akituona kesho, karatasi hiyo itamsaidia kututibu. Binti akitaka kujua kama mama yake aliugua saratani ya matiti kweli, ili naye apimwe mapema, karatasi itamjibu hata kama mama hayupo.

Mtafiti akija, tujibu tunalolijua. Kama hatujui, tuseme hatujui. Jibu la "sijui" ni jibu la heshima. Tusiseme ndiyo ili kumfurahisha mgeni, wala hapana ili aondoke upesi.

Wazazi wetu wengi walipewa karatasi za hospitali wasiweze kuzisoma. Waliziweka sandukuni kama hirizi, au wakafungia chumvi. Wewe unayesoma gazeti hili umekwisha kuvuka hatua hiyo. Kisomo chako si cha kusoma barua za watoto tu. Ni cha kusoma pia habari za mwili wako mwenyewe, na kumwambia daktari, "Neno hili sijalielewa, nieleze."

Leo jioni, fungua sanduku. Tafuta karatasi za hospitali za nyumba yako, uzisome. Usipozielewa, zipeleke zahanati ueleweshwe.